Je, wajua kwa nini waliokufa na helikopta ya vita hukumbukwa kwa pamoja?

Lamu helikopta huisikia kabla hujaiona. Mngurumo hutangulia kutoka upande wa Manda, ukavuka mkondo, ukagonga kuta za mawe za mji na kurudi, hata punda wakasimamisha masikio. Alasiri moja tulikuwa barazani, kahawa ndiyo kwanza imemiminwa, ikapita moja ya kijeshi chini chini. Mtoto wa ndugu yangu, miaka tisa, akatuuliza swali lililowanyamazisha wazee watatu:

"Ami, ikipigwa, wao huruka na miavuli?"

Hawaruki. Na kutoruka kwao ndiko kunakoeleza jambo jingine ambalo mtoto hakuliuliza: kwa nini majina yao, wakishakufa, huandikwa jiwe moja, husomwa kwa pumzi moja, na mara nyingine hata kaburi likawa moja.

Anza na kilicho juu ya vichwa vyao. Rubani wa ndege ya vita ya kawaida ana kiti chenye roketi. Akivuta mpini, kifuniko hufunguka na kiti humrusha angani. Mfanyie hivyo wa helikopta, umemtupa kwenye mapanga yanayozunguka. Warusi walilitafutia dawa. Helikopta zao za Ka-50 na Ka-52 zina baruti kwenye mashina ya mapanga: hukatwa kwanza, yakaruka kando, ndipo roketi ikamvuta rubani nje. Lakini hizo ni za kushambulia, Ka-50 ina mtu mmoja na Ka-52 wawili, basi. Helikopta ya kubeba askari ina watu nyuma, mlangoni, sakafuni. Umrushe nani, umwache nani?

Kisha kuna suala la kimo. Mwamvuli unataka nafasi ya kufunguka, na helikopta vitani haitaki kwenda juu ikaonekana. Hupita juu ya mapaa na vilele vya miti ili adui aione imeshafika. Anayeanguka kutoka kimo cha minazi miwili, mwamvuli wowote hauwahi kumfungukia.

Badala yake helikopta ina hila yake, nami niliieleza kwa kitu alichokuwa nacho mtoto mwenyewe: lile pangaboi la ukuti wa mnazi ambalo watoto hulichomeka kijitini wakakimbia nalo. Halina injini. Upepo ndio unaolizungusha. Helikopta injini ikizima, rubani mwenye mkono mwepesi hubadili ulalo wa mapanga, akaiacha ishuke, na upepo unaotoka chini ukayazungusha yale mapanga kama ukuti. Karibu na ardhi huvuta tena, nguvu iliyokusanyika kwenye mzunguko ikaipunguza kasi, chombo kikatua. Marubani wote hufundishwa hili. Mwamvuli wao ni mapanga yenyewe, na ni mwamvuli mmoja kwa wote waliomo.

Ila unataka mapanga mazima, usukani unaosikia, na mkia.

Mkia ndio ulioleta msiba Mogadishu. Ukitaka kujua kazi ya lile pangaboi dogo la nyuma, nenda kwa fundi wa milango ya nakshi pale mtaani umtazame akitoboa kwa keekee. Kwanza anaukanyaga ubao. Asipoukanyaga, keekee ikishika mti, ubao wenyewe huanza kuzunguka. Ndivyo ilivyo helikopta: injini inazungusha mapanga upande mmoja, na mwili wa ndege unataka kuzunguka upande wa pili. Pangaboi la mkiani ndio mguu wa fundi. Uondoe, na chombo chote huwa ubao usiokanyagwa.

Tarehe 3 Oktoba 1993, siku ya Jumapili, Wamarekani walivamia nyumba karibu na soko la Bakara kuwakamata wasaidizi wa Mohamed Farrah Aidid, mbabe wa vita wa Kisomali. Ni pwani yetu hii hii: ukipanda kaskazini ukapita Kiunga, Kismayu na Barawa, utafika. Helikopta yao moja aina ya Black Hawk, iliyoitwa Super 61, ilipigwa kwa RPG, kombora la begani, ikaanguka ndani ya mitaa. Marubani wake wawili, Clifton Wolcott na Donovan Briley, walikufa. Muda mfupi baadaye Super 64 nayo ikapigwa mkiani. Haikuanguka papo hapo. Iliruka kidogo kama isiyo na jeraha, halafu mkia ukasambaratika, ikaanza kuzunguka.

Ndani walikuwa wanne. Michael Durant na Raymond Frank mbele. Nyuma, kila mmoja na mlango wake, William Cleveland na Thomas Field. Hawa wa nyuma ndio mafundi wa ndege: asubuhi wanaikagua na kuitia mafuta, vitani wanashika bunduki za mlangoni. Durant amesimulia kwamba Frank alinyoosha mkono juu kuzivuta zile rungu za nguvu za injini. Sababu unaijua tayari: keekee ikiacha kusukuma, ubao hupunguza kuzunguka. Hakuwa na zaidi ya sekunde chache za kufikiri, na alifikiri sawasawa. Ndege ilitua kwa kishindo lakini ikiwa imekaa kwa tumbo, na Black Hawk imetengenezwa kupondeka ili watu wasipondeke: miguu ya magurudumu na viti hunywa sehemu ya kishindo. Durant alivunjika mguu na mgongo, akabaki hai.

Juu yao, katika helikopta nyingine, walikuwepo walenga shabaha wawili, Gary Gordon na Randall Shughart. Waliomba washushwe kuwalinda. Wakakataliwa. Wakaomba tena, wakakataliwa. Mara ya tatu wakaruhusiwa, wakashuka, na wote wawili waliuawa. Frank, Cleveland na Field pia. Durant alichukuliwa mateka akaachiliwa baada ya siku 11, tarehe 14 Oktoba. Gordon na Shughart walipewa Nishani ya Heshima, iliyo ya juu kabisa ya kijeshi Marekani, mwaka 1994 wakiwa wameshakufa, na hawakuwa wa kwanza kutunukiwa hivyo katika historia ya nchi yao, ila walikuwa wa kwanza tangu vita vya Vietnam.

Kwenye Super 61 kulitokea jambo linalosimuliwa kidogo kuliko hilo, na mimi ndilo linalonikaa zaidi. Mwili wa Wolcott ulibanwa ndani ya chuma. Askari walioizunguka ile ndege walikesha wakipigwa risasi, na hata magari ya deraya ya Wamalaysia na Wapakistani yalipofika kuwatoa, hawakuondoka. Walisubiri hadi alfajiri, mpaka mwili ukatoka. Kwa hesabu ya wanaoishi ni hasara: watu wengi hatarini kwa ajili ya mmoja aliyekwisha kufa. Lakini muulize baharia yeyote wa Shela au Matondoni kama angetweka tanga na mwenzake bado yuko ndani ya maji.

Sasa turudi kwenye majina. Washington kuna ukuta wa mawe meusi wenye majina zaidi ya 58,000 ya waliokufa Vietnam, uliozinduliwa mwaka 1982. Aliyeuchora, Maya Lin, alisisitiza majina yasianze na A yakaishia na Z, bali yafuate siku za kufa. Kwa hiyo walioanguka siku moja wako mahali pamoja, na mjane wa rubani humkuta mjane wa fundi mbele ya jiwe lile lile. Vita vile vilikuwa vya helikopta kuliko vyote vilivyotangulia: karibu 12,000 zilitumika, na zaidi ya 5,000 ziliharibika zisifae tena. Mwaka 2018 makaburi ya taifa ya Arlington yaliongezewa jiwe la marubani na wafanyakazi wa helikopta peke yao. Ni jiwe dogo, halina makeke.

Kaburi moja kwa wengi ni jambo la lazima zaidi kuliko la kupenda. Ndege ikiungua, mara nyingine haiwezekani kusema mfupa huu ni wa nani. Arlington huzika kwa pamoja na kuandika majina yote kwenye jiwe moja. Katika makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola, wafanyakazi wa ndege waliozikwa hivyo hutambulika kwa mawe yaliyogusana bega kwa bega, wakati mawe ya wengine yana nafasi katikati. Ukiwahi kupita makaburi kama hayo, angalia mapengo, utaelewa bila kusoma.

Mzee mmoja barazani hakupendezwa na hili. Kwetu, alisema, kila maiti na mwanandani wake. Ni kweli, lakini akakumbushwa vita vya Uhud, ambapo mashahidi walikuwa wengi na walio hai wamechoka na majeraha, Mtume akaamuru wawili watatu wazikwe kaburi moja, akitangulizwa aliyehifadhi Qurani zaidi. Dharura ina hukumu yake. Mzee akanywa kahawa yake.

Majeshi yana namna ya kukumbuka isiyohitaji jiwe pia. Kwa Wamarekani, sajini huita majina ya kikosi kama kila asubuhi. Walio hai huitikia. Akifika kwa aliyekufa huita mara moja, kimya. Mara ya pili, kimya. Mara ya tatu jina lote, kimya. Kisha tarumbeta. Hapa Kenya tarumbeta ya mazishi ya kijeshi ni urithi wa Waingereza, ila sisi watu wa siwa, ile pembe kuu ya sherehe, hatuhitaji kufundishwa kwamba pembe husema pale mdomo unaposhindwa.

Nasi tunayo sala ya ghaibu, anayosaliwa maiti asiyekuwepo. Mji wa jahazi usingeweza kuishi bila hiyo: ngapi ziliondoka na kusi hazikurudi, na hakuna cha kuosha wala cha kukafini? Tena aliyepotea hapotei peke yake. Ni nahodha, serahangi, mabaharia na kijana wa kupika, na wote wanasaliwa. Neno rubani lenyewe ni la bahari kabla halijawa la anga. Aliyetolewa Malindi Aprili 1498 kumvusha Vasco da Gama hadi Calicut alikuwa rubani.

Tumeliona hili karibu. Usiku wa tarehe 18 Septemba 2023 helikopta ya Jeshi la Anga la Kenya ilianguka katika kaunti yetu ikiwa kwenye doria ya usiku ya operesheni ya Amani Boni, ya kuwasaka al-Shabaab katika msitu wa Boni. Tangazo la jeshi halikumtenga rubani. Lilitaja wafanyakazi wa ndege na wanajeshi wengine waliokuwemo, kwa pamoja, likatoa rambirambi kwa familia zote.

Husemwa kifo cha wengi harusi. Sijui kama aliyeitunga aliwahi kuketi katika nyumba ya mmoja wa hao wengi. Na ukitaja Mogadishu ukaishia kwa Wamarekani 18 waliokufa katika mapigano yale, umesoma nusu ya ukurasa: Wasomali waliouawa siku zile mbili ni mamia, wanawake na watoto wakiwemo, na hakuna ukuta wenye majina yao. Wabajuni wenye jamaa Kismayu, waliopokea wakimbizi wa vita vile miaka hiyo, hawahitaji kuambiwa.

Mwaka 2013, miaka 20 baadaye, kipande cha mtambo wa mapanga ya Super 61 kilichokuwa kimebaki katika mitaa ile kilitolewa Mogadishu kikapelekwa Marekani, kikawekwa katika makumbusho ya mji wa Fayetteville. Chuma kilichopinda, hakirushi chochote. Lamu mbao za jahazi lililokufa hazichomwi ovyo. Hugeuzwa kiti au fremu ya picha, na mwenye nyumba akakwambia lilikuwa jahazi la nani.

Karibu na magharibi ile helikopta ilirudi, safari hii upande wa jua, mapanga yakikata mwanga. Mtoto alisimama juu ya baraza, ukuti wake mkononi, akitaka kuhesabu waliomo. Mbele kioo kilikuwa kinang'aa, hakikuonyesha mtu. Alimwona mmoja tu, wa mlangoni, amekaa ukingoni na miguu nje. Akampungia mkono, na yule wa mlangoni akapunga.