Implanti ya meno: kwa nini taji halifungwi baada ya mwezi mmoja

Lalamiko tunalolisikia sana siku hizi katika kitengo chetu cha meno, hapa Bukavu, ni hili: "Munganga, uliniambia implanti ni ya kisasa, sasa nangoja nini?" Implanti ni skrubu ya titani inayopandwa kwenye mfupa wa taya, na juu yake hufungwa taji, yaani jino bandia. Ni ya kisasa kweli. Lakini inayojenga ni mifupa yako, na mifupa haina haraka.

Skrubu za titani za zamani zilichongwa tu na mashine, zikabaki laini. Taya la chini lilingojewa miezi 3, la juu 6. Nyingi za leo hupigwa chembe ngumu za alumina, kisha huchovywa kwenye asidi, zikabaki na vishimo vyenye mparuzo wa wastani wa mikromita 1 hadi 2 (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita). Damu iliyoganda hung'ang'ania humo, seli hupanda kwenye nyuzi zake na kuanza kuweka mfupa juu ya titani yenyewe. Ndiyo maana mfupa mgumu huweza kutosheka na wiki 6 hadi 8, na ule laini wa nyuma ya taya la juu wiki 12 au zaidi. Wengine wanaomba iliyoparuza zaidi ya hapo. Hapana. Mparuzo mkali ukitokeza nje ya mfupa huwa makao ya bakteria, na mswaki hauwafikii.

Jambo lisiloeleweka ni hili: siku ya upasuaji implanti hushikwa kwa kubanwa tu. Mfupa uliobanwa huliwa kwanza na mwili wenyewe, mpya haujakomaa, hivyo mshiko hupungua karibu na wiki ya 3 na ya 4. Wakati huohuo maumivu yameisha, na mtu anarudi kwenye mahindi ya kuchoma upande uleule! Implanti ikichezacheza zaidi ya takribani mikromita 150, panaota utando wa nyuzi badala ya mfupa. Uso wa aina yoyote hauokoi hapo. Wala haumwokoi munganga aliyetoboa bila serumu ya kupoza: joto la nyuzi 47 za Selsiasi kwa dakika moja zinatosha kuua mfupa.

Utaratibu wetu. Kichupa chenye implanti hufunguliwa mbele yako, na implanti haiguswi kwa glavu wala mate. Kibandiko kimoja kinakwenda kwenye faili, cha pili kwenye kadi yako: aina, kipenyo, urefu, namba ya toleo. Bila kadi, munganga wa mji mwingine hatajua bisibisi ipi inaingia. Kichupa kilichofunguliwa hakirudi kabatini, kwa hiyo kinalipwa hata ukibadili mawazo. Kabla ya taji tunapima uthabiti kwa kipimo cha mtetemo, chenye alama hadi 100: chini ya 60 unangoja, 70 na zaidi tunaendelea. Aliyekosa kontroli ya wiki 6 hurudia radio (picha ya eksirei) kwa gharama yake. Si adhabu, picha ya zamani haina kazi.

Wavuta sigara, na wenye kisukari kisichodhibitiwa, wahesabu muda mrefu zaidi.

Kifuniko kilicho juu ya implanti wakati wa kungoja kikilegea, usikikaze kwa kidole. Kifunge kwenye kitambaa safi, uje nacho siku hiyohiyo.