Ukiwa Leba, Una Haki ya Kusema Hapana

Nikishalazwa leba, lazima nikubali kila kitu?

Hapana. Hapa Kenya, Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mhudumu akueleze hali yako, huduma zilizopo, faida na hatari zake, kisha akwambie kwamba unaweza kukataa na ukikataa nini huenda kikafuata. Kupanda kitandani si kukubali yote. Hata ulichokubali asubuhi unaweza kukikataa mchana.

Ni mambo gani hufanywa kwa mazoea tu?

Linaloniuma zaidi ni kuongezwa njia, yaani kukatwa ukeni ili mtoto apite. Wapo wanaokatwa kwa sababu tu ni uzazi wa kwanza, wakaja kujua wakati wa kushonwa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2018 uko wazi: asikatwe kila mama. Ikihitajika kweli, mfano mtoto anachoka na anapaswa kutoka upesi, bado uambiwe kwanza, na upigwe ganzi.

Mwongozo huohuo haupendekezi kunyolewa, kupigwa enema (kuingizwa maji njia ya haja kubwa), wala kukandamizwa tumbo unaposukuma. Kupimwa njia kwa vidole, uchungu ukienda vizuri, kila baada ya saa nne kunatosha. Wanafunzi wakipanga foleni wakupime ili wajifunze, una haki ya kuwakatalia. Na kama kulala chali kunakutesa, omba ulale ubavu au uchuchumae.

Nitasemaje na uchungu umenishika?

Maneno machache yanatosha: "Sista, hii ni ya nini? Mtoto ana shida? Tukingoja kidogo itakuwaje?" Jibu la swali la pili ndilo la kusikiliza kwa makini. Matakwa yako yataje mapema kliniki, na umweleze atakayekusindikiza. Yeye akukumbushe tu. Ukiwa na fahamu zako, mume au mama mkwe hawezi kukuamulia.

Na ikiwa dharura?

Ukiwa umezimia huku damu inavuja, hawatangoja uamke. Sheria inawaruhusu kukuhudumia pale ambapo kuchelewa kunaweza kukuua au kukuachia madhara ya kudumu, mradi hukuwa umekataa huduma hiyo.

Kuna kitu ungenisihi nisikatae?

Sindano ya oksitosini mtoto akishatoka. Husaidia mji wa mimba ujikaze, na kuvuja damu baada ya kujifungua bado kunaua akina mama wengi kwetu. Kuikataa pia ni haki yako, wala usifokewe. Lakini nakuomba, dada, ikubali.

Nikifanyiwa kwa nguvu?

Andika malalamiko kwa uongozi wa hospitali, kisha kwa Baraza la Wauguzi ikibidi. Hata mahakama iko wazi. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Bungoma iliamuru mama aliyejifungulia sakafuni, akapigwa na kutukanwa na wauguzi, alipwe fidia ya shilingi milioni 2.5.