Ndiyo arobaini za bure

Kijana alifungua daftari mezani kwangu: wakulima 40 wa korosho, Tandahimba na Newala, na mbele ya kila jina alama ya vema. Ametengeneza programu ya simu ya kumwonyesha mkulima bei ya mnada. Sasa anataka kuacha kazi.

"Uliwauliza nini?"

"Ukipata programu ya kukuonyesha bei, utaitumia?"

Nani angesema hapana? Mgeni katoka mbali na pikipiki, kakaa kwenye mkeka wako, anakuuliza jambo la heri. Huku Mtwara mgeni hakataliwi usoni.

Nimesomea saikolojia na kazi yangu ni kuwashauri wanaoanzisha kampuni, na kosa hili, la kuuliza swali ambalo jibu lake ni ndiyo tu, nalikuta kuliko mengine yote. Mwanasaikolojia Peter Wason alilionyesha Uingereza mwaka 1960. Aliwapa watu namba 2, 4, 6, akasema zinafuata kanuni fulani. Watunge zao tatu tatu, yeye awaambie kama zinaifuata. Wengi walidhani ni kuongeza mbili mbili. Wakajaribu 8, 10, 12: ndiyo. 20, 22, 24: ndiyo. Kumbe kanuni ilikuwa namba zozote zinazopanda. Mtu angejaribu 1, 2, 50 na kujibiwa ndiyo, angeshtuka palepale. Lakini nani hupoteza zamu yake kwa kitu anachoamini kitakataliwa?

Basi zile alama 40 zote zilikuwa 8, 10, 12. Nikamrudisha akaulize jambo lililokwisha kutokea: msimu uliopita uliuza wapi, lini, kwa nini? Kwenye mfumo wa stakabadhi ghalani, wa kukusanya mazao ghalani kisha kuyanadi, korosho hupitia chama cha msingi cha ushirika, na mnadani wakulima huikubali au kuikataa bei kwa pamoja. Ukiiona bei peke yako kwenye simu, utaifanyia nini? Na wapo waliokwisha kuuza kwa kangomba, yaani kwa walanguzi wa nje ya mfumo, kwa bakuli, kabla hata minada haijafunguliwa, maana ada ya shule na salfa ya kupulizia mikorosho havingoji Oktoba.

(Kosa hili sio la ujana. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mradi wa karanga Tanganyika, Nachingwea ikiwemo, kwa makadirio ya pauni milioni 25. Bandari na reli vikajengwa kwa ajili ya karanga ambazo hazikuja. Ulipofutwa mwaka 1951, pauni zilizopotea zilikuwa kama milioni 36. Wazee wenye shahada, hao.)

Alirudi baada ya wiki mbili. Safari hii majina yalikuwa 11 tu, lakini kurasa zimejaa habari za kangomba, nani alikopa, bakuli ngapi, mwezi gani. Programu kaiweka kando. Anazunguka kwenye vikoba kuuliza pesa ya mwezi wa sita, kabla ya mnada, hutoka wapi.

Kazi hajaacha.