D Si ya Deutschland: Dhana Potofu Kuhusu Asili na Umiliki wa DHL

Mtu akiliona gari la manjano lenye herufi tatu nyekundu za DHL, kampuni ya kusafirisha nyaraka na vifurushi, katika barabara za Dar es Salaam au Nairobi, kisha akaulizwa kampuni hiyo ni ya wapi, mara nyingi hujibu bila kusita kwamba ni ya Wajerumani. Kwa leo amejibu sawa, kwa kuwa makao makuu ya kundi zima yapo Bonn, katika jengo la Post Tower lenye urefu wa mita 162.5. Tatizo ni yale ambayo watu hulijengea jibu hilo: kwamba Wajerumani ndio walioianzisha, kwamba serikali yao ndiyo inayoimiliki, na kwamba rangi ile ya manjano imekuwepo tangu siku ya kwanza. Nimeyasoma madai hayo hata katika makala za biashara ambazo zilipaswa kuwa makini zaidi, na kila mojawapo linapingana na kumbukumbu zilizo wazi.

Dhana: herufi D inasimama badala ya Deutschland, yaani Ujerumani

D ni Dalsey, H ni Hillblom na L ni Lynn. Adrian Dalsey, Larry Hillblom na Robert Lynn walikuwa Wamarekani, na kampuni yao waliianzisha San Francisco mwaka 1969. Hillblom alikuwa akisomea sheria katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, huku akijitafutia riziki kwa kazi ya utarishi, yaani kupanda ndege na nyaraka za wateja na kuzifikisha zinakotakiwa. Hakuna benki ya Kijerumani wala posta ya Kijerumani iliyohusika na mwanzo huo.

Kazi yenyewe waliyoibuni inastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu hapo ndipo kampuni nzima ilipochipukia. Anayeifahamu shughuli ya mawakala wa forodha katika bandari za Mombasa na Dar es Salaam anajua kwamba kontena haliwezi kutoka bila hati ya shehena, ile karatasi inayoonyesha ni nini kilichopakiwa melini na nani mwenye haki ya kukipokea. Karatasi ikichelewa, mzigo hulala bandarini, na kila siku inayopita humwongezea mwenye mali gharama ya storeji. Wafanyabiashara wa Honolulu, katika visiwa vya Hawaii, walikuwa na adha hiyo hiyo katika miaka ya 1960. Vijana wa San Francisco walichofanya ni kuitenganisha karatasi na mzigo: meli iliendelea kukata mawimbi ya Pasifiki kwa siku kadhaa, huku hati zake zikitangulia kwa ndege, hivi kwamba ilipotia nanga, maofisa wa forodha walikuwa wameshaanza kazi yao. Hawakuwa na ndege hata moja. Walinunua tiketi kama abiria wengine na kupakia mifuko ya nyaraka kama mizigo ya safari, na pengine walimpa tiketi ya bure mtu aliyekubali kuwaachia nafasi yake ya mizigo. Kwa takriban miaka kumi walibeba nyaraka tu. Vifurushi vilianza kusafirishwa mwaka 1979, kwa hiyo hata picha ya DHL kama wabeba maboksi ni ya baadaye.

Dhana: Wajerumani ndio walioieneza duniani

Kutoka Hawaii kampuni ilielekea magharibi, si Ulaya. Ilifika Ufilipino mwaka 1971, na mwaka uliofuata ikaingia Japani, Hong Kong, Singapore na Australia. Mwaka huo huo wa 1972 DHL International iliundwa Hong Kong pamoja na mfanyabiashara wa huko, Po Chung, ambaye mchango wake husahaulika kwa kuwa herufi za jina lake hazimo katika nembo. London ilifuata mwaka 1974, na ofisi ya kwanza ya Ujerumani ikafunguliwa Frankfurt mwaka 1977, miaka minane baada ya safari za awali za Honolulu. Mwaka 1986 kampuni iliingia ubia na Sinotrans, kampuni ya usafirishaji ya Uchina. Posta ya Ujerumani haikuwa na hisa hata moja wakati mambo yote haya yakitendeka.

Kwa msomaji wa pwani yetu kuna jambo moja linaloweza kuzidisha mkanganyiko. Posta ya Kijerumani ilikuwa na wakala Lamu tangu mwaka 1888, na baada ya muda mfupi ikawa na ofisi Unguja na Dar es Salaam pia. Hiyo ilikuwa posta ya dola, iliyofuata njia za meli na maslahi ya kikoloni. Ukoo wake na ukoo wa DHL ulikuja kukutana zaidi ya karne moja baadaye, mjini Bonn, na gari la manjano tunaloliona mtaani halikurithi chochote kutoka kwa wakala wa Lamu.

Dhana: Deutsche Post, posta ya Ujerumani, iliinunua kwa mkupuo mmoja

Hapa ndipo masimulizi mengi hukatisha njia. Mjerumani wa kwanza kuingia katika umiliki wa DHL alikuwa shirika la ndege. Mwaka 1990 Lufthansa, Japan Airlines na kampuni ya biashara ya Kijapani Nissho Iwai zilikubaliana kununua hisa katika DHL International, na kwa miaka kadhaa Tokyo ilikuwa na sauti kubwa ndani ya kampuni kuliko watu wengi wanavyodhani.

Kisha likatokea jambo ambalo hakuna mwanasheria aliyelipangia. Tarehe 21 Mei 1995 ndege ndogo aliyokuwa amepanda Larry Hillblom ilianguka baharini karibu na Saipan, katika visiwa vya Mariana, na mwili wake haukuonekana tena. Sehemu kubwa ya utajiri wake ilikuwa hisa za DHL, na wosia wake uliuelekeza kwenye utafiti wa tiba. Baadaye kukajitokeza madai ya watoto aliozaa na wanawake wa visiwa na nchi mbalimbali za Pasifiki na Asia, na baada ya vipimo vya vinasaba na mvutano mrefu mahakamani, wanne kati yao walitambuliwa na kupata mgao, huku sehemu nyingine ikienda kwenye wakfu unaobeba jina lake. Watoto hao walikulia mbali sana na utajiri huo, na nadhani wanastahili kutajwa katika historia hii kama wanavyotajwa wakurugenzi.

Mwaka huo huo wa 1995, upande wa pili wa dunia, Deutsche Post ilikuwa imegeuzwa tarehe 1 Januari kuwa kampuni ya hisa baada ya idara kongwe ya posta na simu kugawanywa. Mtendaji mkuu wake, Klaus Zumwinkel, alijua kwamba ukiritimba wa barua ungefika mwisho, kama ulivyofika kweli mwaka 2008, na kwamba barua za karatasi zisingeendelea kuilisha posta milele. Alianza kununua. Mwaka 1999 aliichukua Danzas, kampuni ya usafirishaji ya Uswisi, na karibu na wakati huo Air Express International ya Marekani. Kwa DHL alikwenda hatua kwa hatua: hisa za kwanza mwaka 1998, udhibiti wa kampuni mwaka 2001, na hisa zote zilizosalia, zikiwemo za Lufthansa na Japan Airlines, kufikia Desemba 2002. Yalipita miaka minne kati ya hisa ya kwanza na ya mwisho.

Hata hapo, kununua hisa zote za DHL hakukumpa mnunuzi kila kilichobeba jina hilo. Sheria ya Marekani inataka angalau asilimia 75 ya hisa zenye kura katika shirika la ndege la nchi hiyo ziwe mikononi mwa raia wake. Kwa sababu hiyo shirika la DHL Airways lilitenganishwa, likapata wamiliki wa Kimarekani, na mwaka 2003 likabadilishwa jina kuwa ASTAR Air Cargo. FedEx na UPS, washindani wake wa Kimarekani, zilipinga kwa nguvu, zikidai kwamba umiliki huo mpya ulikuwa wa jina tu. Ndege ziliendelea kubeba mizigo ya DHL bila DHL kuwa mwenye ndege.

Dhana: manjano na nyekundu ni rangi za asili, na Ujerumani ndiyo siku zote makao yake

Manjano ni rangi ya posta ya Ujerumani, na ilipakwa juu ya DHL kuanzia mwaka 2003, pale kundi lilipoamua kuziweka Danzas na kampuni nyingine chini ya jina la herufi tatu. Hivyo jina ni la Kimarekani na rangi ni ya Kijerumani. Kitovu cha ndege cha Ulaya nacho kilikuwa Brussels tangu mwaka 1985. Kilihamia Leipzig/Halle mwaka 2008, baada ya mabishano makali ya mwaka 2004 nchini Ubelgiji juu ya idadi ya ndege zinazoruka usiku juu ya nyumba za watu.

Dhana: ni mali ya serikali ya Ujerumani

Ilikuwa hivyo zamani. Tarehe 20 Novemba 2000 karibu asilimia 29 ya hisa za Deutsche Post ziliuzwa kwa umma kwa bei ya euro 21 kila moja, na kufikia mwaka 2005 wawekezaji binafsi walikuwa na zaidi ya nusu. Serikali leo inashiriki kupitia benki yake ya maendeleo, KfW, ambayo baada ya kuuza sehemu nyingine mwezi Februari 2024 ilibaki na takriban asilimia 17. Jina la kundi lilibadilishwa kuwa DHL Group tarehe 1 Julai 2023, lakini wakati huo kampuni iliyosajiliwa iliendelea kuitwa Deutsche Post AG.

Dhana: ilishindwa Marekani ikaondoka

Iliyofungwa ni huduma ya ndani ya Marekani. DHL iliinunua Airborne, kampuni ya vifurushi ya Marekani, mwaka 2003 kwa dola bilioni 1.05 ili kupambana na FedEx na UPS nyumbani kwao, na pambano hilo likaishinda. Novemba 2008 ilitangaza kwamba itaacha kubeba mizigo kutoka mji mmoja wa Marekani hadi mwingine, na watu 9,500 wakapoteza kazi. Pigo kubwa liliuangukia mji mdogo wa Wilmington, Ohio, ambao maisha yake yaliuzunguka uwanja wa ndege uliokuwa kitovu cha mizigo hiyo, na familia nyingi zilipoteza mshahara wa baba na wa mama kwa wakati mmoja. Mizigo inayoingia na kutoka Marekani iliendelea, na kitovu kikarudishwa Cincinnati.

Ama kampuni ambayo D yake kweli ilikuwa ya Kijerumani, hiyo ni DPD. Ilianzishwa Ujerumani mwaka 1976 kwa jina la Deutscher Paketdienst, na leo ipo chini ya Geopost, kampuni tanzu ya La Poste ya Ufaransa, ambayo hisa zake zote ni mali ya umma wa Ufaransa.