Kwa Nini Mishikaki Hunoga Zaidi Bendi Inapopiga?

Je, wajua kwamba kelele kubwa hupunguza utamu wa soda na chumvi ya chipsi mdomoni mwako? Jambo hili limepimwa, na ndilo linalofanya swali letu liwe gumu kuliko linavyoonekana. Ikiwa kelele hufifisha ladha, mbona mtu wa Dar es Salaam anayetaka nyama ya kuchoma Jumamosi usiku huifuata pale pale penye spika kubwa kuliko zote mtaani? Iwe Sinza, Kinondoni, Ilala au Temeke, jukwaa la bendi na jiko la mkaa havikai mbalimbali.

Kwa kifupi, ulimi hauli peke yake. Kwa kirefu, kuna mambo kadhaa yanayotokea kwa pamoja, na mengine wenye baa wa jiji hili waliyajua kwa uzoefu bila kuingia maabara yoyote.

Tuanze na hiyo kelele. Mwaka 2011 kundi la watafiti wa Uingereza, wakiwamo wa Chuo Kikuu cha Manchester, lilichapisha matokeo ya jaribio jepesi. Watu walivalishwa spika za masikioni, wakapewa vyakula vya chumvi na vya sukari, huku mvumo ukipigwa mara kwa sauti ya chini, mara kwa sauti ya juu. Mvumo ulipokuwa mkubwa, walaji walisema sukari imepungua na chumvi imepungua. Vyakula vikavu, kinyume chake, vilionekana kulia zaidi chini ya jino. Chakula kilikuwa kile kile.

Miaka minne baadaye, Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani kikatumia mvumo wa ndani ya ndege, kama desibeli 85 hivi (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Sukari ikafifia tena. Lakini ladha moja ikaenda kinyume, ikaongezeka nguvu: umami. Hiyo ndiyo ladha ya tano baada ya tamu, chumvi, chachu na chungu. Mkemia wa Kijapani, Kikunae Ikeda, aliipa jina mwaka 1908 baada ya kuchunguza mchuzi wa mwani. Sisi tunaijua kwa mdomo hata kama hatukuisoma: imo kwenye nyama, kwenye supu iliyochemka mpaka mifupa ikatoa kila kitu, kwenye nyanya zilizoiva sana, na kwenye dagaa wakavu. Ndiyo sababu inayotolewa kueleza kwa nini abiria wengi wa ndege huagiza juisi ya nyanya ambayo wakiwa nyumbani hawaigusi.

Kwa nini sikio liingilie kazi ya ulimi? Maelezo mojawapo yamo kwenye maumbile yenyewe. Mshipa wa fahamu unaobeba ladha kutoka theluthi mbili za mbele za ulimi hupita ndani ya sikio la kati, nyuma tu ya ngoma ya sikio, ndipo uendelee na safari ya ubongoni. Watafiti wanashuku kwamba kelele kubwa huutikisa njiani.

Sasa angalia kinachouzwa kwenye baa yenye bendi. Mishikaki, kuku wa kuchoma, mbuzi, supu, ndizi za kuchoma, kachumbari ya nyanya, pilipili pembeni. Keki huioni, wala maandazi. Hapa nasema kwa akili yangu, si kwa niaba ya maabara: orodha hiyo imechujwa na miaka mingi ya kula kwenye kelele, na vilivyobaki ni vile visivyomezwa na sauti ya besi. Nyama na nyanya zina umami. Pilipili nayo si ladha hasa. Ni mwasho, na hupita kwenye mshipa mwingine wa fahamu, ule ule unaohisi joto na maumivu usoni. Mtu anaweza kukaa mbele ya spika asisikie chumvi vizuri, ila pilipili mbuzi ataisikia tu.

Halafu kuna mlio wa chakula chenyewe. Mwaka 2004, Massimiliano Zampini na Charles Spence wa Chuo Kikuu cha Oxford waliwapa watu krispi za viazi wazing'ate mbele ya kipaza sauti, huku wakijisikia kwa spika za masikioni. Watafiti wakawa wanauchezea mlio ule: wakiongeza sauti, hasa zile nyembamba za juu, walaji wanasema krispi ni kavu na mpya, wakizipunguza, krispi zile zile zinaitwa za jana. Mwaka 2008 wakapewa tuzo ya Ig Nobel, ile inayotolewa kwa utafiti unaochekesha kwanza na kufikirisha baadaye. Ukila mihogo ya kukaanga pale Coco Beach unaelewa bila kuelezwa: ganda la nje likikatika kwa mlio, mhogo ni wa sasa hivi, likinyamaza, umekaa. Hata kisu cha mchoma nyama kinachogonga kibao, ko-ko-ko, kinamlisha mteja kabla sahani haijafika mezani.

Spence na wenzake waliendelea. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2012, watu walionja peremende ya sukari iliyounguzwa, yenye utamu na uchungu kwa pamoja, huku wakisikiliza sauti tofauti. Sauti nzito za chini ziliwafanya waisikie chungu zaidi. Sauti nyembamba za juu ziliwavuta kwenye utamu. Tofauti zenyewe ni ndogo, msiende kumdai mpiga besi fidia ya kahawa iliyowakaba. Ila nikiwaza fidla za taarabu na kanuni, kile chombo cha nyuzi nyingi, zinavyolia kule juu, huku sinia la halua linazunguka, napata hamu ya kuamini kwamba wapwani walifika huko kabla ya Oxford.

Jambo ambalo kwangu lina uzito kuliko yote limo mle mle kwenye utafiti wa 2011, na watu hulipita haraka. Palionekana dalili kwamba aliyeipenda sauti iliyokuwa ikipigwa alikipenda zaidi na chakula. Yaani kipimo cha sauti kilibadilisha chumvi na sukari, lakini mapenzi ya mtu kwa kile anachokisikia yaligusa furaha ya kula yenyewe. Hapo ndipo mpenzi wa muziki na mpenzi wa chakula wanapokutana.

Na wanakutania mahali panapojulikana. Mwaka 2011 hiyo hiyo, watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, waliwapima watu ubongo wakati wakisikiliza nyimbo wanazozipenda kiasi cha kusisimka mwili. Waliona dopamini, kemikali ya ubongo inayohusika na raha na hamu, ikimwagika kwenye sehemu zile zile za ubongo zinazoshughulika na raha ya chakula. Tena ilianza kabla ya kile kipande kitamu cha wimbo kufika, wakati msikilizaji anakingojea. Mpenzi wa dansi anajua kungojea huko: waimbaji wanamalizia beti zao taratibu, gitaa la solo linaanza kuchokoza, na ukumbi mzima unajua chemko, ile sehemu ya wimbo inayochangamka, linakuja. Weka hapo na harufu ya nyama ambayo bado haijatoka jikoni. Anangojea vitu viwili kwa wakati mmoja, na ubongo wake unavihesabu karibu katika daftari moja.

Mwenye baa naye ana daftari lake. Mwaka 1986, Mmarekani Ronald Milliman alichapisha utafiti uliofanyika kwenye mgahawa mmoja, akibadilisha kasi tu ya muziki. Muziki ulipokuwa wa polepole, wateja walikaa wastani wa dakika 56; ulipokuwa wa haraka, dakika 45. Pesa ya chakula ilibaki karibu sawa. Iliyopanda kwa muziki wa polepole ni ya vinywaji. Mfaransa Nicolas Guéguen akaja kupima upande wa pili, ukubwa wa sauti badala ya kasi: kwenye baa za Ufaransa, muziki ulipopandishwa kutoka desibeli 72 hadi 88, vijana wa kiume walimaliza bia zao upesi zaidi na kuagiza nyingi zaidi. Hiyo ilichapishwa mwaka 2008.

Ukiyaweka matokeo hayo mawili pamoja unapata karibu ratiba ya usiku wa dansi Dar es Salaam. Mwanzoni rumba la taratibu, nyimbo ndefu, watu wamekaa, wanaagiza na kula. Baadaye chemko, sauti inapanda, meza zinabaki na mifupa, watu wako uwanjani na kiu.

Wala uhusiano huu wa bendi na baa haukuwa wa kubahatisha. Bendi kubwa za jiji zilikuwa mali ya taasisi. NUTA Jazz, iliyozaliwa mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, ikapitia majina ya JUWATA na OTTU hadi kuwa Msondo Ngoma ya leo. Mlimani Park Orchestra, wana Sikinde, ilianza mwaka 1978 chini ya kampuni ya usafiri na teksi, ikichukua jina la baa ya Mlimani Park. Mwaka 1983 ikahamia kwa Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, DDC. Shirika hilo lilikuwa na kumbi na baa zake, DDC Kariakoo na DDC Magomeni Kondoa zikiwamo. Kwa hiyo mwajiri wa mpiga tarumbeta alikuwa pia mfanyabiashara wa bia na ukumbi. Sidhani kama alihitaji Milliman amweleze faida ya wimbo wa dakika kumi.

Lakini tusiibakize habari hii baa, kwani mchana kutwa jiji linalishwa kwa sauti. Muuza kahawa hugonganisha vikombe vyake. Kijana wa karanga na sigara hutikisa sarafu kiganjani kwa mdundo wake, na mtu aliye ndani ya ofisi hunyoosha shingo bila kumwona. Mrusi Ivan Pavlov, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa kazi yake juu ya mmeng'enyo wa chakula, aliwazoesha mbwa sauti fulani kabla ya kuwalisha, mpaka sauti peke yake ikawatoa mate. Moja ya vyombo alivyotumia ni metronomu, kile kifaa cha wanamuziki cha kuhesabu mapigo. Sarafu za muuza karanga zinafanya kazi hiyo hiyo, kwa gharama ndogo zaidi.

Mwezi wa Ramadhani sauti inakuwa wazi kabisa. Kabla ya alfajiri, vijana hupita mitaani na ngoma, madebe na chochote chenye kulia, kuwaamsha watu wale daku. Huo ni muziki ambao shabaha yake ni mlo, na hauna haja ya jukwaa.

Singeli ndiyo inayokataa kuingia kwenye hesabu. Muziki huu uliotoka uswahilini, Manzese, Tandale na Mburahati, hupiga zaidi ya mapigo 200 kwa dakika, kasi ambayo hakuna kinywa kinachoweza kuifuata. Kwenye shughuli ya mtaa, sufuria za pilau na spika za singeli huwa uwanja mmoja, lakini wanaocheza hawali na wanaokula wamejisogeza nyuma ya nyumba. Mpaka sasa sijaona anayefanya yote mawili.

Kwa anayetaka kujipima mwenyewe, njia ni rahisi. Agiza juisi ya ukwaju, uonje ukiwa karibu na geti, kisha uende nayo mpaka mbele ya spika uonje tena: sukari itakuwa imerudi nyuma. Mishikaki nayo ichukulie meza ya katikati, gitaa linaposikika vizuri na mhudumu bado anakusikia ukiomba ndimu.