Je, wajua kwa nini dokta akisikia unavaa daipa anakuuliza maswali mengi hivyo?

Mtu mzima anayevaa daipa hapa Mombasa huwa na mambo mengi kichwani ambayo hajamwambia mtu, duka gani la mbali na mtaa wake aende kununua, akae siti gani kwa matatu ili ashuke haraka, na feri ya Likoni ikichelewa afanyeje. Dokta ndio hajaambiwa. Na wengine wakipiga moyo konde wakasema, wanatoka wamekasirika, maanake wameulizwa unapata choo vizuri, unakunywa dawa gani za presha, watoto uliwazaa vipi. Mtu anajiuliza, mimi nimekuja na shida ya mkojo, choo kinaingia wapi?

Kinaingia sana. Mkojo kukutoka ni dalili, na dalili hiyo moja ina sababu tofauti kabisa, sasa daipa inapokea tu, haikwambii mkojo umetoka kwa nini.

Kibofu cha mtu mzima kinabeba kama mililita 400 mpaka 500, na chini yake kuna misuli iliyotandazwa kama machela. Kuzaa kunaweza kuilegeza, umri pia, basi ukikohoa, ukicheka au ukiinua ndoo, mkojo unaruka kidogo. Ndio maana unaweza kuambiwa ulale kitandani kibofu kimejaa halafu ukohoe, dokta aangalie unatoka papo hapo au la. Kama waona haya omba dokta mwanamke, au nesi awe ndani, ni haki yako. Hapa dawa ya kwanza ni mazoezi ya kubana ile misuli, yaliyopata umaarufu kupitia daktari wa Marekani, Arnold Kegel, mwaka 1948. Wabana kama unayezuia mkojo na hewa pamoja, waachia, angalau mara 8, kutwa mara 3, kwa miezi mitatu hivi bila kukata tamaa wiki ya pili.

Mwengine kikohozi hakimfanyi kitu, ila akitia tu ufunguo mlangoni mkojo ushafika. Huyo kibofu chake kinajikamua kabla hakijajaa, na chanzo chaweza kuwa maambukizi ya mkojo, kisukari, au kahawa nyingi inamzidishia. Kipimo kidogo cha mkojo kinaanza kuonyesha.

Halafu kuna mzee ambaye tezi dume imemziba njia. Mkojo unamtoka tone tone, nyumbani wanasema kibofu kimelegea, kumbe kimejaa pomoni na mkojo hauishi ndani, kinachotoka ni kile kinachofurika. Huyu akinunua dukani dawa ya kutuliza kibofu aliyoandikiwa jirani, anaweza kuziba kabisa asikojoe, na hiyo ni hatari kweli. Ndio sababu dokta anakwambia nenda kakojoe kwanza, kisha apige ultrasaundi aone kumebaki kiasi gani.

Na choo? Utumbo wa choo uko nyuma ya kibofu, ukijaa choo kigumu unakikandamiza. Dawa za presha nazo, baadhi zinatoa maji mwilini kwa mkojo, pengine ni kubadilishiwa tu saa ya kunywa, lakini usiziache mwenyewe. Pia watu wengi wanaacha kunywa maji, na joto letu hili, mkojo unakuwa mkali unawasha kibofu na choo kinazidi kuwa kigumu, shida inaongezeka.

Sasa useme vipi? Sema hivyo hivyo ilivyo: "Dokta, mkojo wanitoka, navaa daipa, kwa siku nabadilisha tatu." Ile hesabu ya daipa kwake ni kipimo, usiifiche. Ukiweza andika siku tatu kabla, umekunywa nini, umekojoa saa ngapi, umekutoka ukifanya nini. Mwambie na ngozi ikikuchoma. Na wazee walioacha kwenda msikitini kwa hili, muulizeni sheikh, mwenye udhuru wa kutokwa na mkojo ana hukumu yake ya udhu na swala haimpiti.

Usingoje kliniki ya wiki ijayo ukiona mkojo umegoma kabisa, au umeanza ghafla pamoja na ganzi mapajani kwa ndani au miguu kuisha nguvu, siku hiyo hiyo nenda kaonwe. Damu kwenye mkojo pia usiilaze.

Na dada uliyekaa na uchungu siku nzima au mbili, ukajifungua, na tangu hapo mkojo wachuruzika mchana na usiku hata ukiwa umelala, hiyo huenda ni fistula, tundu kati ya kibofu na uke. Daipa haiwezi kuiziba, ila wapasuaji wanaiziba, na Hospitali Kuu ya Pwani, Coast General, imewahi kuwa na kambi za upasuaji huo bila malipo, ulizia pale kambi nyengine ni lini.