Koti jeupe si la daktari peke yake: dhana potofu kuhusu watoto na kukisia kazi za watu

Kwenye maswali ya ufahamu huwa kuna kifungu kinachomweleza mtu bila kutaja kazi yake, kisha mtoto anaulizwa: huyu anafanya kazi gani? Wazazi wengi hapa Moshi huliona hilo swali jepesi. Ndiyo maana tunalifundisha vibaya.

"Dalili moja ikiwa wazi, inatosha."

Mwambie mtoto kuna mtu amevaa koti jeupe, atakujibu "daktari" hata hujamaliza sentensi. Ukweli ni kwamba muuza nyama wa buchani naye huvaa koti jeupe, na mtu wa maabara vilevile. Ongeza dalili: koti lina madoa ya damu. Mtoto atazidi kung'ang'ania daktari, tena wa upasuaji. Ongeza nyingine: mbele yake kuna mizani, na mteja anaomba awekewe na maini kidogo. Hapo atacheka na kubadili jibu. Kule kubadili ndiko unakokutafuta. Mtoto anayeweza kuliachia jibu lake mwenyewe kwa sababu dalili mpya imelikataa ameshaelewa jambo kubwa kuliko jina la kazi. Kwa hiyo usimwagie dalili zote kwa pamoja. Mpe moja, msubiri, mpe ya pili.

"Jibu sahihi ni moja, aliyekosa amekosa."

Chukua kifungu hiki: "Ni usiku. Amefunga taa kichwani, anahema, nguo zake zina vumbi." Mtoto wa Marangu au Machame atasema ni mwongoza wageni mlimani, na ana haki, kwa sababu safari ya kilele cha Uhuru, mita 5,895, kwa kawaida huanza usiku wa manane na kila mtu huwa na taa kichwani. Mtoto wa Mirerani, kule Simanjaro, atasema mwanaapolo, mchimba tanzanaiti. Naye ana haki: mgodini giza ni la mchana na usiku. Wote wawili wamesoma maneno yale yale, kila mmoja akayaunganisha na anachokijua. Sasa ongeza kwamba vumbi lenyewe ni jeusi na linang'aa kama risasi ya penseli. Hiyo ni grafaiti, imejaa kwenye miamba yenye tanzanaiti. Mtoto wa Mirerani anatabasamu. Wa Marangu anabaki na swali, maana hajawahi kuiona. Huyo hajashindwa kufikiri; amepungukiwa maarifa, na dawa yake ni kusimuliwa, kuonyeshwa na kutembezwa. Kumwekea alama ya kosa na kupita hakumsaidii.

"Ni kubahatisha tu, ukipatia umepatia."

Hapana. Kubahatisha hakuna sababu, kukisia kuna sababu. Tofauti yake unaipata kwa swali moja: "Umejuaje?" Aliyepatia bila kueleza, mrudishe kwenye kifungu aoneshe neno lililomwambia. Aliyekosa akatoa sababu nzuri, msifu kwanza. Na akisema "huyu ni mwizi" kwa sababu tu mtu ana nywele ndefu na nguo chafu, swali hilo hilo litafanya kazi ambayo kofi haliwezi.

"Watoto wadogo hawawezi."

Wanaweza. Mtoto wa chekechea akiona mama anavaa viatu vya kutokea, anaanza kulia. Vitendawili navyo ni vizuri, ila vina udhaifu: aliyekariri kwamba nyumba isiyo na mlango ni yai hakisii tena, anakumbuka. Tunga vipya.

"Watoto hawana ubaguzi."

Wanao, wameuokota kwetu. Mwaka 1983 mtafiti David Chambers alichapisha matokeo ya michoro ya watoto 4,807 wa Kanada na nchi nyingine, walioambiwa wachore mwanasayansi. Waliochora mwanamke walikuwa 28, wote wasichana. Jaribu nyumbani: msomee mtoto kuhusu rubani au fundi wa magari, kisha mwambie amchore.

"Lazima ununue vitabu vya picha."

Panda naye daladala. Yule mwenye noti zilizokunjwa katikati ya vidole na sarafu zinazolia mkononi, anafanya nini? Na yule mwenye sare nyeupe pale barabarani, mbona madereva wanafunga mikanda haraka wakimwona? Ukifika kwenye lango la kupandia mlima, mwonyeshe wagumu, yaani wapagazi wa mlimani, na mizigo yao, awalinganishe na mgeni aliyebeba chupa ya maji tu. Weka masharti mawili: mtoto asimnyooshee mtu kidole, na jibu lisitamkwe kwa sauti mpaka mmeshuka.